Gari lako la dizeli halivuti? Pitia haya kabla ya kuuza dhahabu ya mkeo

Leo naomba tuweke siasa kando tuzungumze habari ya gari.

Mdogo wangu anafanya biashara ya madafu. Hupakia Msambweni, hupita barabara ya Dongo Kundu, kisha hupanda mlima wa Mazeras hadi Mariakani kwa wateja wake. Pikapu yake ni ya dizeli, yenye tabo, na ndiyo inayolisha nyumba. Mwaka jana ilianza kumsumbua. Kwenye tambarare ilikwenda, ingawa kwa uvivu. Ikifika mlimani na mzigo, inakatika pumzi. Mlima aliozoea kuupanda kwa gia ya tatu akawa anaupanda kwa gia ya kwanza, moshi mweusi umetanda nyuma, na malori ya makontena yanampigia honi bila huruma.

Akaipeleka gereji. Fundi akafungua boneti, akaisikiliza injini kwa dakika mbili, akasema, "Tabo limekufa. Lete tisini na tano elfu nikutafutie jingine." Hakufungua mpira wowote, hakupima chochote. Mdogo wangu akarudi nyumbani kimya. Usiku ule shemeji akavua bangili zake mbili za dhahabu, zile alizopewa siku ya ndoa, akazifunga kwenye pindo la leso na kumwambia mumewe akaziuze.

Jumamosi asubuhi mdogo wangu alipitia kwangu akielekea kwa sonara. Nikamwambia, "Hebu subiri mpaka alasiri. Tuliangalie sisi wenyewe kwanza." Tulichokikuta nitakueleza mwisho.

Mimi si fundi. Nina diploma ya uhasibu. Lakini nimemiliki magari ya dizeli kwa miaka mingi, na marehemu ami yangu, aliyekuwa fundi wa injini za dizeli, alinifundisha kuangalia kabla ya kununua. Uhasibu nao umenifunza jambo linalofanana na hilo: kabla hujakubali gharama kubwa, maliza kwanza kukagua zile ndogo. Mengi ya haya ninayoyaandika unaweza kuyafanya uwanjani kwako ukiwa na bisibisi, spana chache, tochi na chupa ya plastiki isiyo na rangi.

NGUVU YA DIZELI INATOKA WAPI

Injini ya dizeli haina plagi za cheche kama ya petroli. Hewa huingia kwenye silinda, hubanwa mpaka ikawa moto sana, kisha nozo hunyunyiza mafuta na mafuta yale huwaka yenyewe kwa joto la hewa iliyobanwa. Kwa hivyo gari likipoteza nguvu, jiulize mambo manne. Je, hewa inaingia ya kutosha? Je, mafuta yanafika, tena yakiwa safi? Je, moshi unapata njia ya kutoka? Na je, nguvu iliyopatikana inafika kwenye magurudumu, au kuna kitu kinaishika njiani?

Magari ya siku hizi yana jambo la tano, nalo ni kompyuta. Ikiona kipimo ambacho haikipendi, inaweza kupunguza nguvu kwa makusudi ili kulinda injini. Hapo utaona gari halizidi mwendo fulani hata ukikanyaga mafuta mpaka chini.

USALAMA KWANZA

Kuna mambo ambayo sitaki uyafanye hata kama jirani yako huyafanya.

Usifungue wala kulegeza mabomba ya chuma yanayotoka kwenye pampu kuu kwenda kwenye nozo. Katika injini za kisasa shinikizo la mafuta humo hupita baa 1,000, ilhali tairi ya gari dogo ina kama baa mbili tu. Mafuta yanayochuruzika kwa shinikizo hilo hupenya ngozi kama sindano. Usitafute uvujaji kwa kupapasa na mkono injini ikiwa inanguruma. Likikutokea hilo, nenda hospitali saa hiyo hiyo hata kama kidonda ni kidogo kama tundu la sindano, kwa sababu madhara yako ndani.

Usiingie chini ya gari lililobebwa na jeki peke yake. Weka stendi. Usifungue kifuniko cha rejeta injini ikiwa moto. Usiwashe gari ndani ya gereji iliyofungwa milango. Na ukitoa mpira wa kuingiza hewa, injini iwe imezimwa. Tabo linalozunguka halichagui kati ya jani na kidole.

KABLA YA KUFUNGUA BONETI, JIHOJI

Ami yangu alikuwa hashiki spana mpaka amwulize mwenye gari maswali. Jiulize na wewe, uandike majibu kwenye karatasi.

Lilianza lini? Kama ni mara tu baada ya kujaza mafuta, shaka ya kwanza ni mafuta yenyewe. Kama ni baada ya gari kutoka gereji, huenda kuna mpira haukurudishwa sawasawa au klipu haikukazwa. Kama ni baada ya safari ya vumbi, tuseme umetoka Kinango au Samburu, angalia filta ya hewa.

Lilikuja ghafla au polepole? Mpira ukipasuka, nguvu huondoka siku moja. Filta ikiziba, huondoka kidogo kidogo hata usitambue.

Hutokea wakati gani? Mlimani na mzigo tu, au hata barabara ya sawa? Injini ikiwa baridi au ikishapata moto?

Je, kuna taa iliyowaka kwenye dashibodi? Taa ya injini na ile ya maji kwenye mafuta ni wajumbe. Usizifunike kwa karatasi kama nilivyowahi kuona kwenye gari moja.

Na la mwisho, muhimu kuliko yote: moshi una rangi gani? Mwombe mtu aendeshe gari lake nyuma yako mlimani akuangalizie.

Moshi mweusi maana yake mafuta ni mengi kuliko hewa. Tafuta upande wa hewa: filta, mipira, tabo, au vali inayorudisha moshi. Nozo mbovu inayomwaga badala ya kunyunyiza nayo huleta moshi mweusi.

Hakuna moshi kabisa na gari halina nguvu? Basi mara nyingi mafuta ndiyo hayafiki, au kompyuta imeyapunguza. Tafuta upande wa filta ya dizeli na tanki.

Moshi wa bluu ni oili inayoungua. Inaweza kuwa inapita kwenye tabo au kwenye ringi za injini.

Moshi mweupe usiokwisha hata injini ikipata moto ni mafuta yasiyoungua, au maji ya rejeta yanaingia kwenye silinda. Angalia kama maji ya rejeta yanapungua. Yakiwa yanapungua, acha kuliendesha.

HATUA YA KWANZA: JE, GARI LINASHIKWA?

Wengi hukimbilia injini kumbe injini haina kosa. Hatua hii haigharimu hata shilingi.

Anza chini ya miguu yako. Mkeka wa dereva uliojikunja chini ya pedali huizuia isifike mwisho. Utacheka, lakini limewatokea watu. Kwa magari ya zamani yenye waya wa kukanyagia mafuta, mwache mtu akanyage pedali mpaka chini injini ikiwa imezimwa, wewe tazama kwenye pampu kama mkono unafika mwisho wake. Waya huvutika ukalegea, na gari likawa halipati mafuta yake yote.

Kisha breki. Sisi wa Pwani tunaishi na hewa ya chumvi, na chumvi hula chuma. Pini za breki hukwama, waya wa breki ya mkono hushika kutu, na gurudumu likawa linavutwa nyuma safari nzima. Endesha kilomita chache bila kushika breki sana, simama, usogeze kiganja karibu na kila ringi bila kuigusa. Moja ikiwa na moto kuliko wenzake, au inatoa harufu ya kuungua, umempata mwizi wa nguvu zako. Unaweza pia kuinua gurudumu kwa jeki na stendi, ukaweka gia huru na kulizungusha kwa mkono. Linatakiwa lizunguke bila kung'ang'ania.

Halafu klachi. Ukiwa kwenye gia ya tatu au ya nne mlimani, kanyaga mafuta. Mshale wa mizunguko ya injini ukipanda lakini mwendo hauongezeki, klachi inateleza. Hapo injini ni nzima, nguvu inapotea njiani. Kwa gari la gia za kujibadilisha, dalili kama hiyo inataka gia oili ikaguliwe kwanza.

Usisahau upepo wa tairi. Tairi zilizolegea hulifanya gari zito na kuongeza matumizi ya mafuta.

HATUA YA PILI: HEWA

Fungua boksi la filta ya hewa. Itoe, ishike dhidi ya jua. Kama mwanga haupiti kwenye karatasi yake, imeziba. Kung'uta vumbi kunasaidia kufika nyumbani, lakini dawa ni filta mpya. Ukipuliza kwa kompresa, puliza kutoka ndani kwenda nje na usiisogeze karibu sana, karatasi hutoboka na vumbi likaingia kwenye tabo. Angalia pia ndani ya boksi. Panya wa Pwani hupenda kujenga humo, hasa gari likikaa siku nyingi chini ya mkorosho.

Usijaribu kuendesha gari bila filta ati "kuona kama litavuta". Tabo huzunguka kwa kasi ya maelfu mengi ya mizunguko kwa dakika, na chembe moja ya mchanga inatosha kulikwangua.

Sasa fuata mipira. Katika gari lenye tabo kuna mpira unaotoka boksi la filta kwenda kwenye tabo. Huo unanyonya, na ukichoka hujibana kwa ndani injini ikivuta kwa nguvu. Kuna mwingine unaotoka kwenye tabo kwenda kwenye ile rejeta ndogo ya kupozea hewa, na wa tatu unaotoka hapo kuingia kwenye injini. Hii miwili inabeba hewa yenye shinikizo. Ikipasuka, hewa hutoka nje kabla ya kufika kwenye silinda, mafuta yanazidi hewa, na moshi mweusi unatoka.

Mpasuko wa namna hii una tabia ya kujificha. Injini ikiwa kimya au inanguruma taratibu umejifunga, wala huuoni. Ukikanyaga mafuta mlimani, mpira unavimba na mpasuko unafunguka. Kwa hivyo usitazame juu tu. Pitisha vidole chini ya mpira mzima, injini ikiwa imezimwa na imepoa, ukiukunja na kuuminya. Hewa ya tabo hubeba ukungu kidogo wa oili, na palipopasuka patakuwa na unyevu wa oili na vumbi lililogandamana. Ukisikia mluzi au mfuo mkubwa wa hewa kila ukikanyaga mafuta, hiyo pia ni dalili. Jaribu klipu zote kwa bisibisi.

Kuna pia mipira myembamba kama penseli ambayo, katika magari mengi, ndiyo inayoliendesha tabo. Hukauka kwa joto, ikapata nyufa kama udongo wa kiangazi. Bei yake ni ndogo, lakini ikivuja tabo halifanyi kazi.

Tabo lenyewe unaweza kulipima. Injini iwe imezimwa na baridi. Toa mpira wa kuingiza hewa, ingiza vidole viwili, uzungushe feni yake. Izunguke bila kukwaruza. Itikise kushoto na kulia: kuyumba kidogo sana ni kawaida, ila mabawa yasiguse ukuta. Ivute nje na kuisukuma ndani: hapo isicheze. Ukungu wa oili ndani ya mpira ni kawaida, dimbwi la oili si kawaida.

HATUA YA TATU: MAFUTA

Kama gari halitoi moshi na linaishiwa nguvu kadiri unavyokanyaga, huku ndiko kwa kuangalia.

Filta ya dizeli ndiyo mshukiwa wa kwanza. Kitabu cha gari kitakuambia ibadilishwe baada ya kilomita ngapi. Lakini kwa mafuta tunayoyapata vituo vingine, na madumu tunayonunua njiani, usingoje mpaka mwisho. Kama hukumbuki ilibadilishwa lini, jibu unalo.

Chini ya filta nyingi kuna kikombe au bomba dogo la kutolea maji. Weka chupa yako ya plastiki chini yake, ulegeze taratibu, umwage kiasi cha nusu glasi. Acha chupa itulie dakika kumi. Maji hukaa chini, dizeli hukaa juu, mpaka kati yao utauona. Sisi wenye unyevunyevu wa bahari tunapata maji hata bila kuuziwa: tanki likikaa nusu tupu usiku kucha, hewa ya ndani hutoa umande. Kujaza tanki jioni kunapunguza hilo.

Ukishabadilisha filta au kumwaga maji, toa hewa. Magari mengi yana pampu ndogo ya mkono juu ya filta. Iminye mpaka iwe ngumu, ndipo uwashe. Ikiwa kila asubuhi pampu hiyo imelegea na gari linachelewa kuwaka, kuna mahali hewa inaingia: klipu iliyolegea, mpira uliochoka, au mdomo wa filta usiokaa vizuri. Ami yangu alikuwa akifunga kipande kifupi cha mpira wa dizeli unaoonyesha ndani kati ya filta na pampu, upande wa shinikizo dogo tu, akatazama kama mapovu yanapita. Mapovu yakipita mfululizo, njia inanyonya hewa.

Jaribu na kifuniko cha tanki. Endesha mpaka gari lianze kukosa nguvu, simama mahali salama, ufungue kifuniko. Ukisikia hewa inaingia kwa mvuto mkubwa na gari likarudi na nguvu zake, tundu la kupumulia tanki limeziba. Kama gari linazidi kufa kwa mwendo mrefu na kupona ukilipumzisha, huenda chujio la ndani ya tanki limejaa uchafu.

Na mafuta yaliyochanganywa je? Tunaujua mchezo wa kutia mafuta ya taa kwenye dizeli. Mwaka 2018 serikali iliweka tozo ya Sh18 kwa kila lita ya mafuta ya taa ili kuwavunja moyo wanaochanganya. Mafuta ya taa hayalainishi kama dizeli, na pampu na nozo hulainishwa na mafuta hayo hayo yanayopita ndani yake. Yakichanganywa, yanazila. Chupa yako haitakuonyesha mafuta ya taa kwa sababu huchanganyika na dizeli kabisa. Kinga yako ni kununua mahali pamoja unapopaamini, kuweka risiti, na kuyakimbia madumu ya bei ya kutupa.

HATUA YA NNE: NJIA YA MOSHI

Injini isiyoweza kutoa pumzi haiwezi kuvuta nyingine. Magari mengi ya dizeli ya siku hizi yana chujio la masizi kwenye ekzosi. Hujisafisha lenyewe kwa kuyachoma masizi, lakini linataka safari ya mfululizo na ekzosi yenye moto. Gari linalozunguka Mwembe Tayari na Kongowea tu, na kukaa foleni ya feri likinguruma, halipati nafasi hiyo. Dalili ni taa ya chujio, feni ya rejeta kufanya kazi bila sababu, na oili ya injini kupanda juu ya alama kwenye kijiti, kwa sababu dizeli inachuruzika ndani yake. Taa ikiwaka mara ya kwanza, safari ya nusu saa barabara kuu ya Malindi bila kusimamasimama mara nyingi hulisafisha. Ukiipuuza, litaziba kabisa na dawa yake ni ghali. Ila oili ikiwa imepita alama, ibadilishe kwanza.

Kuna na vali ya EGR, inayorudisha sehemu ya moshi kwenye injini. Ikijaa masizi na kukwama wazi, injini hula moshi wake yenyewe, ikawa nzito na yenye moshi mweusi. Inaweza kufunguliwa na kusafishwa, na fundi mwangalifu huifanya kazi hiyo kwa saa chache.

Karibu na filta ya hewa kuna sensa inayopima hewa inayoingia. Vumbi na oili huipumbaza. Kuna dawa maalumu ya kuisafisha kwa kupuliza. Usiiguse kwa kidole wala kitambaa.

HATUA YA TANO: MULIZE GARI MWENYEWE

Magari mengi ya dizeli yaliyoundwa miaka ya karibuni yana soketi ya pini 16 chini ya usukani. Kifaa kidogo cha kusoma hitilafu hupachikwa hapo na kuonyesha namba kwenye simu yako. Wakijichanga watu watano wa mtaa mmoja, bei yake haimwumizi yeyote. Namba chache za kukumbuka: P0087 ni shinikizo dogo la mafuta, P0299 ni shinikizo dogo la tabo, P0101 ni sensa ya hewa, P0401 ni moshi unaorudishwa hautoshi.

Lakini sikiliza vizuri hapa, maana wengi huliwa pesa kwenye mlango huu. Namba hutaja dalili, haitaji kitu cha kununua. P0299 inasema shinikizo ni dogo. Haisemi tabo limekufa. Mpira uliopasuka hutoa namba hiyo hiyo. P0087 haisemi pampu imekwisha. Filta iliyoziba hutoa namba hiyo hiyo. Usifute namba kabla ya kuiandika.

UKIFIKA KWA FUNDI

Kama hatua zote umezipitia na gari bado halivuti, au kuna moshi wa bluu, maji ya rejeta yanapungua, au kelele za vyuma, basi ni kazi ya fundi. Kupima nozo, pampu kuu na mbano wa silinda kunahitaji vifaa vyake. Nenda na karatasi yako: lini lilianza, moshi wa rangi gani, umebadilisha nini, namba gani ilisoma. Kisha umwulize kwa adabu, "Fundi, umejuaje?" Fundi mzuri atakuonyesha. Mwombe spea ya zamani urudi nayo nyumbani. Kama ni tabo kweli, mwulize kwanza limekufa kwa sababu gani, kwani jipya likifungwa kwenye injini yenye oili chafu au bomba la oili lililoziba, halitafika mbali.

Sisemi mafundi ni wezi. Nawajua wengi waaminifu, wanaolala na masizi kwenye kucha ili watu wafike salama. Ugonjwa wetu ni kubahatisha, na anayebahatisha hutumia pesa za mteja. Gari la mtu ni amana mkononi mwa fundi, na sisi wenye magari tunampa mwanya wa kubahatisha kwa sababu hatuulizi.

Sasa nirudi kwa mdogo wangu. Moshi ulikuwa mweusi, kwa hivyo tuliangalia hewa. Filta ilikuwa chafu lakini haijaziba. Tabo tulilizungusha kwa kidole, likazunguka kama feni ya dukani, halichezi. Kwa kifaa cha jirani tulisoma P0299. Lau tungeishia hapo, tungekubaliana na yule fundi. Nikapitisha mkono chini ya mpira unaotoka kwenye tabo. Ukarudi na oili. Tukaufungua, tukaukunja, na ufa wa urefu wa kidole ukafunguka kama mdomo, upande wa chini ambako jicho halifiki.

Mpira na klipu mbili zilitugharimu Sh4,200. Tukabadilisha na filta ya hewa kwa kuwa tulishafika. Jumatatu alipanda Mazeras na madafu yake kwa gia ya tatu, akanipigia simu kutoka Mariakani akicheka.

Jioni hiyo alimrudishia mkewe bangili zake. Zile ni mali yake, si za mumewe, na hakuna aliyekuwa na haki ya kumwacha azivue kwa ajili ya mpira wa hewa. Nami nimeandika haya ili wewe, kabla hujamwomba mtu avue chochote, upitishe mkono chini ya mpira kwanza.

Wassalaam.